Mashini ikikataa jina lako, usirudi kimya

Katika kazi yangu ya kukusanya habari kambini, siku za mgawo ninasikia jibu hili mara nyingi: «Jina lako halimo kwenye mashini.» Mama ameshika jetoni mkononi, majirani wote wanamjua, lakini mashini imekataa. Anaambiwa apishe wengine.

Mashini yenyewe haijui kitu. Inafuata maagizo aliyoandika mtu, na mtu hukosea. Mtu asiyejua siku aliyozaliwa mara nyingi huandikiwa tarehe 1 Januari. Chukueni wanawake wawili wanaoitwa Furaha Bahati, wote wa mwaka 1990, wote wa 1 Januari. Kama aliyeandika programu aliagiza kwamba jina moja na tarehe moja ni mtu mmoja, Furaha mmoja atafutwa. Hakuna aliyeiba wala kudanganya, ila watoto wa nyumba moja watalala njaa.

Mambo haya yamefika hata Uingereza. Kuanzia 1999, posta ya huko ilitumia programu ya hesabu iitwayo Horizon, nayo ilikuwa na makosa. Kosa moja lilikuwa hivi: skrini inakwama, mhudumu anabonyeza tena, na pesa zile zile zinaandikwa mara kadhaa. Hesabu inaonyesha upungufu, mhudumu anadaiwa. Hadi 2015, watu zaidi ya 900 walihukumiwa kama wezi. Wengine walifungwa, wengine walifilisika wakilipa pesa ambazo hazikupotea. Wengi walipouliza waliambiwa: «Ni wewe peke yako mwenye shida hii.»

Mwaka 2009 walianza kukutana, Alan Bates akiwa mbele, wakaona kilio chao ni kimoja. Mwaka 2019 jaji alikubali kwamba programu ilikuwa na makosa, na 2024 Bunge lilipitisha sheria ya kufuta hukumu za mamia yao.

Kwa hiyo, mama, papa, ukikataliwa, tunza jetoni na kila karatasi uliyopewa. Uliza kwenye mstari ni nani mwingine amekataliwa leo. Andikeni majina yenu pamoja, muyapeleke kwa kamati ya kambi, muombe orodha ikaguliwe upya. Mtu mmoja ni rahisi kumfukuza. Watu ishirini wenye shida moja, hapo karani atalazimika kuitazama mashini yake mara ya pili.