Kwa Nini Tunarusha Ndege Kambini



Siku hizi watu wananisimamisha njiani kuhusu ile ndege ndogo inayopinduka angani kule uwanjani. Vijana wanauliza inatengenezwaje. Wazazi wanauliza ya nini. Leo najibu yote mawili.

Kaka mmoja wa shirika alipomaliza mkataba wake hapa Nakivale alituachia boksi. Ndani kulikuwa na mota, rimoti, betri mbili, servo nne (servo ni kile kimota kidogo kinachosukuma usukani wa ndege) na mwili wa ndege ya michezo ambayo mabawa yake yalishavunjika. Vitu vya dukani viliishia hapo. Vingine vyote ni vya kambini.

Bawa jipya tulilikata kwenye ule ubao mweupe mwepesi unaozungushiwa friji mpya ndani ya katoni. Katikati tukapitisha fito ya mwanzi, kwa sababu bawa ndo linabeba ndege yote, na ikizunguka kwa nguvu mzigo huo unaongezeka mara kadhaa. Angalieni gundi: ile ya viatu inakula ubao huo, unayeyuka mbele ya macho yako. Jaribu kwanza kwenye kipande kidogo. Sisi tunatumia gundi nyeupe ya mafundi mbao, inachelewa kukauka lakini haiharibu. Magurudumu yaliyokuja na ndege yalikuwa madogo, ya kwenye lami, na hapa ni vumbi na mawe. Tukakata mengine makubwa kwenye kandambili kuukuu, na miguu yake tukakunja spoku za baiskeli.

Sasa umbo. Ndege ya kujifunzia ina mabawa yaliyoinuka kidogo kwenye ncha, kama herufi V iliyofunguliwa sana. Ikiyumba inajirudisha yenyewe. Ndege ya michezo bawa lake limenyooka, na mgongo wake na tumbo lake vimevimba sawasawa, ili ikigeuzwa juu chini iruke vilevile. Hiyo haijirudishi. Ukiilaza inabaki imelala mpaka wewe uinyanyue. Inakutii sana, lakini haikusaidii.

Halafu uzito. Unaishika ndege kwa vidole viwili chini ya mabawa, unatafuta pale inapokaa sawa bila kuanguka mbele wala nyuma. Bawa letu lina upana wa sentimita 24. Tulianza na sentimita 6 kutoka ukingo wa mbele, yaani robo. Hapo ndege inatulia. Tulipoizoea tukarudisha betri nyuma polepole mpaka 7, ikawa nyepesi kupinduka. Ukizidisha, mkia unakuwa mzito na hakuna mtu ataishika hiyo ndege.

Nguvu tuliipima kwa mizani ya kuning'iniza ya muuza nyama. Tulifunga mkia kwa kamba kwenye mizani, tukawasha mota, ikavuta gramu 850. Ndege nzima na betri yake ina gramu 700. Maana yake ni kwamba inaweza kusimama wima, pua juu, ikining'inia kwenye rafadha yake tu. Hapo ndo watoto wanapiga kelele.

Lakini kelele za kwanza hazikuwa za furaha. Wengi humu tumetoka sehemu ambako sauti ya kitu angani ilikuwa na maana moja: kimbia. Siku tulipowasha mota kwa mara ya kwanza, ikiwa bado chini, mama mmoja anayeuza mandazi alimbeba mtoto wake akaingia ndani akafunga mlango. Hakuna aliyecheka. Tukazima, tukakaa tukaongea: je, tuna haki ya kurusha kitu hiki juu ya watu hawa?

Hatukuirusha mwezi mzima. Tulienda ofisi ya kambi kuomba ruhusa. Tukaenda kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa wamama. Tulizunguka nayo nyumba kwa nyumba, rafadha imetolewa, watoto wakaishika, wakasukuma magurudumu ya kandambili. Msichana mmoja mdogo aliniuliza, "Kaka, nani anaiendesha?" Nikamwonyesha rimoti. Akasukuma kijiti, mkia ukacheza. Akasukuma tena. Akasema, "Kwa hiyo wewe usipotaka ije kwetu, haiji?"

Nikamwambia haiji. Toka siku hiyo ndo tuna sheria: tunarusha saa kumi jioni tu, tunatangaza kwanza kwa kipaza sauti, na haipiti juu ya nyumba ya mtu. Rimoti inawashwa kabla ya ndege na kuzimwa baada yake. Mawasiliano yakikatika, mota inazimika yenyewe.

Dada mmoja wa shirika alituuliza kwa upole, si ingekuwa bora kujifunza kutengeneza sabuni? Dada, sabuni ni kazi nzuri, mama yangu anaiuza. Na ukitaka faida ya mfukoni, wawili wetu waliojifunza kulehemu nyaya kwenye ndege hii leo wanatengeneza taa za sola na redio za majirani. Lakini mimi sitaki kujificha nyuma ya hilo jibu. Mwaka 1913 mjini Kiev, Pyotr Nesterov, rubani wa jeshi la Urusi, alikuwa mtu wa kwanza kuzungusha ndege duara kamili angani. Wakubwa wake walimfunga, eti amehatarisha mali ya serikali. Baadaye wakampandisha cheo. Leo marubani wanafundishwa namna ya kuokoa ndege iliyopinduka.

Mgao umepungua, tunajua kuliko mtu yeyote. Lakini kijana anayeamka kila siku kusubiri simu, kusubiri foleni, kusubiri jibu la faili lake, anahitaji pia kitu kimoja ambacho akikigusa kinamsikia. Hilo halimo kwenye fomu yoyote, na siombi liandikwe. Naomba tu mkituona uwanjani msituite wavivu.

Tumeanza ya pili, yenye mabawa ya V, maana watakaojifunza ni wadogo wa miaka 12 hadi 15, na yule msichana ameshajiandikisha. Tunahitaji spoku, kandambili zilizokatika na ule ubao wa friji. Mama wa mandazi ameshatuletea kandambili mbili. Zote za kushoto, lakini kwa magurudumu haina shida.