Viatu Nakurudishia

Lubumbashi

Mwipwa wangu mpenzi,

Mfuko wako umenifikia kwa basi, jozi sita za viatu vya ncha vya baleti. Nakurudishia zote bila kutia uzi hata mmoja, isipokuwa kiatu kimoja nilichokipasua ili nikione ndani. Usininunie kabla hujamaliza kusoma.

Ncha yake si mti wala chuma. Ni kitambaa na karatasi, tabaka juu ya tabaka, vimegandishwa kwa gundi. Mchezaji akikivaa, joto na jasho hukilegeza kikafuata mguu wake. Hivi ulivyovipata kwa wauza mitumba vimekwisha kufuata miguu ya wasichana usiowajua. Nawe unataka kumvisha mtoto wa miaka 9, mifupa haijakomaa! Hata kwenye shule za baleti zenye jina, mtoto hujifunza miaka kadhaa kwanza, na kwa kawaida hapandi kwenye ncha kabla ya miaka 11 au 12.

Cendrillon wa mchezo wako nimempenda. Ulivyomtoa jikoni ukampeleka mtoni kuosha mawe ya kobalti ya mama wa kambo, hapo nilicheka, kisha nikanyamaza. (Wazee watashangaa tu: kwetu ukitangaza baleti, watu wanangoja ngoma za asili na manyoya.) Kiatu cha kioo ni cha Perrault, 1697, na muziki wa Prokofiev ulichezwa mara ya kwanza Moscow mwaka 1945. Kuna sehemu ya ndugu Grimm ambayo masista hawakutusomea shuleni: dada mmoja anajikata kidole cha mguu, wa pili kisigino, ili kiatu kiingie. Mimi fundi viatu naiamini hiyo kuliko habari za boga kugeuka gari.

Mcheza baleti Joel Kioko wa Nairobi alianza katika darasa la shule, madawati yametolewa nje, hakuna kioo wala mti wa kushikilia ukutani. Baadaye akaenda kusoma baleti London. Hakuanza na ncha.

Jingine, na hili ndilo lililoninyima usingizi, ni uwanja. Unasema mtafanya mazoezi nyuma ya nyumba ya dada yangu, hapo Kasulo. Tangu mwaka 2014, mawe ya kobalti yalipoonekana chini ya nyumba, watu wa mtaa huo wamechimba mpaka chini ya vitanda vyao. Mwaka 2017 sehemu ikazungushiwa ukuta, watu wakahamishwa. Waliobaki wanalala juu ya mashimo. Nani ajuaye shimo la jirani linapita wapi? Watoto ishirini wakiruka na kutua pamoja, hapana. Nenda kwa padri umwombe ukumbi. Sakafu ya simenti ni ngumu kwa magoti, basi tandika mikeka na upunguze miruko.

Nitawashonea viatu vya ngozi laini, bapa. Msimamishe kila mtoto juu ya karatasi, jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, uuzungushie kalamu, uandike jina. Yule wa Cendrillon nipe vipimo vya miguu yote miwili: kimoja nitakilegeza kisigino, kimtoke akiwa anakimbia.

Mjomba wako