Kabla Hujatia Miguu Kwenye Beseni

Mowlem, Nairobi
Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Huku kwetu maji yameanza tena kuja kwa zamu na mitungi imejaa mlangoni. Baba yako ameniambia umemaliza mitihani, na kwamba umechaguliwa kuwa miongoni mwa wasimamizi wa bibi harusi. Nimefurahi sana. Ameniambia pia unauliza pedikyua ya saluni ni pesa ngapi na hasa mtu hufanyiwa nini, kwa sababu hujawahi kwenda na wenzako wote wanaonekana kujua. Umeuliza vizuri, na hii ndiyo kazi inayonilisha. Kwa kuwa bibi harusi ameshachagua saluni ya mjini mwende nyote pamoja, sitakuwepo kukusemea. Ndiyo maana nakuandikia kwa urefu.

Tuanze na pesa. Hapa Mowlem, na hata Umoja na Kariobangi South, kuoshwa miguu na kupakwa rangi ya kawaida ni kama shilingi 300 hadi 500. Ukitaka jeli, ongeza 300 au zaidi. Ukienda na jeli ya zamani kwenye kucha, kuna mia au mia mbili za kuitoa, na wengi hawalitaji hilo mpaka kazi iwe imeshaanza. Mjini, kwenye yale majengo yenye vyumba vya urembo kila ghorofa, weka akilini 700 hadi 1,000. Westlands na Kilimani, mahali unapokalia kiti kinachokukanda mgongo, 2,000 si ajabu, na wapo wanaopita hapo. Desemba bei hupanda kote na foleni huwa ndefu, kwa hivyo mweke nafasi mapema. Kabla hujavua viatu, uliza: "Dada, ni pesa ngapi, na ndani yake kuna nini?" Uliza kwa sauti ya kawaida. Kuuliza bei si utovu wa adabu, na anayekasirikia swali hilo ana jambo analoficha.

Usidhani tofauti ya bei hizo inatoka kwenye rangi. Wengi wetu tunanunua vitu vyetu Dubois Road, na chupa moja hupaka watu wengi kabla haijaisha. Unacholipia ni kodi ya chumba, tokeni za stima, maji, na muda wa yule anayeushika mguu wako. Maji ndiyo watu wasiyoyafikiria. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, na siku ambayo si zamu yetu tunamsubiri mtu wa mkokoteni atuuzie kwa mtungi wa lita 20. Mteja mmoja, ukimhudumia sawasawa, anataka beseni la kulowekea miguu, maji ya kusuuzia, na maji mengine ya kusugulia beseni lenyewe kabla ya mteja anayefuata. Hesabu wateja wa Jumamosi moja, kisha uone fundi anayetoza kidogo sana amepunguza wapi.

Jambo lingine ni malipo ya fundi. Wasichana na vijana wengi wanaofanya kucha hawana mshahara. Wanagawana na mwenye saluni kile alicholipa mteja, mara nyingi nusu, na kwingine hata chini ya nusu. Ukilipa 300, aliyekuinamia karibu saa nzima anaondoka na 150 au pungufu. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini anaharakisha, na kwa nini mkono wake unakimbilia wembe wa visigino, ambao nitaufikia.

Sasa nikueleze kazi yenyewe. Utaketi, na fundi atakaa kwenye kigoda mbele yako. Usione haya kumpa mguu. Karibu kila mtu mara ya kwanza huukunja chini ya kiti akianza kuomba radhi kwa ajili ya magaga. Sisi tumeona miguu ya kila namna: ya mama mboga anayesimama tangu alfajiri, ya kondakta, ya askari aliyekesha ndani ya buti. Wanaume wanakuja kwa wingi siku hizi, na vinyozi wengi wameweka beseni pembeni kwa ajili yao. Vumbi la huku, pamoja na kuvaa malapa kutwa, hupasua visigino vya tajiri na maskini. Hakuna cha kuombea msamaha.

Atatoa rangi ya zamani kwa pamba na asetoni, kisha akate kucha. Mwambie azikate zikiwa zimenyooka, asizichimbe pembeni. Kucha ya dole gumba ikikatwa kwa kuzungusha pembe, inapoota hujichoma nyamani, na maumivu yake yatakufanya ushindwe hata kuvaa kiatu. Baada ya hapo utalowekwa miguu kwa kama dakika kumi katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni. Ile ngozi nyembamba inayoshika mzizi wa kucha husukumwa nyuma taratibu. Ukiona fundi amechukua kikoleo anataka kuikata, mzuie. Ngozi hiyo ndiyo inayoziba njia ya vijidudu kuingia chini ya kucha.

Kisha visigino, na hapa ndipo nataka uwe macho. Kuna kifaa chenye mpini kinachoshika wembe, kinakwangua kisigino kama mtu anayemenya muhogo. Ngozi hutoka vipande vipande na mteja hufurahi kuviona vikianguka kwenye taulo. Kazi ya robo saa huisha kwa dakika mbili. Lakini wembe haujui ngozi iliyokufa inaishia wapi na iliyo hai inaanzia wapi. Ukipita kidogo tu, damu inatoka, na hata usipokata, kisigino kilichokwanguliwa hivyo hurudi na ugumu kuliko ule wa kwanza, kwa sababu ngozi inajilinda. Majimbo mengi ya Marekani yameupiga marufuku wembe huo saluni. Hapa kwetu uko kwenye droo nyingi tu.

Tupa ya miguu au jiwe la kusugulia ndiyo njia. Mimi hukausha kisigino kwanza, kisha nasugua kwa kuelekea upande mmoja, taratibu, mpaka unga mweupe ujae kwenye aproni. Kila mara nasimama napitisha kidole gumba mahali pale. Ngozi iliyokufa hukwaruza kidole na haina rangi. Nikianza kuona wekundu kidogo na joto, nimefika mwisho. Nyufa kubwa haziishi siku moja, na fundi anayekuahidi kuzimaliza siku hiyo hiyo anakuambia kwa maneno mengine kwamba atatumia wembe. Mwambie tu: "Mimi situmii wembe, tafadhali tumia tupa, sina haraka." Hayo maneno "sina haraka" yanamsaidia sana.

Baada ya hapo ni skrabu, kusuuza, mafuta na kukandwa mpaka kwenye mashavu ya miguu. Furahia, hiyo ndiyo sehemu tamu. Kisha pamba katikati ya vidole, rangi ya chini isiyoonekana, rangi yenyewe mara mbili kwa tabaka jembamba, na ya kung'arisha juu. Yote ikifanywa vizuri inakaribia saa nzima. Ikimalizika kwa dakika ishirini, kuna kitu kimerukwa.

Niseme juu ya usafi, na utulie unisome vizuri. Mwaka 2000 katika mji wa Watsonville, California, wateja zaidi ya 100 wa saluni moja walitokwa na majipu miguuni ambayo hayakupona upesi. Wachunguzi walipofungua zile mashine za kuoshea miguu zenye maji yanayozunguka, walikuta nywele na masalia ya ngozi yamenasa nyuma ya vichujio, na kwenye maji yake kulikuwa na bakteria inayoitwa Mycobacterium fortuitum. Waliokuwa wamenyoa miguu kabla ya kwenda ndio walikuwa katika hatari zaidi, kwa maana wembe huacha vijikato visivyoonekana. Basi usinyoe miguu jana yake wala asubuhi ile. Nyoa ukishatoka, au siku kadhaa kabla.

Nakwambia kisa hicho kwa sababu saluni ya mjini huenda ikawa na kiti cha mapovu chenye mashine kama hizo, na wenzako watakiona ndicho cha fahari. Mimi naliamini zaidi beseni la plastiki. Halina mabomba wala mahali pa kujificha uchafu, na ukiinama unauona mwisho wake. Likisuguliwa kwa sabuni, likatiwa Jik na kuachwa kwa dakika kadhaa kabla ya kusuuzwa, limekuwa salama kuliko kiti cha laki moja ambacho hakuna aliyewahi kukifungua. Ukikuta wanatandika mfuko mpya wa plastiki ndani ya beseni kwa kila mteja, hiyo nayo ni dalili nzuri. Angalia likioshwa mbele yako. Usipoona, omba lioshwe.

Vyuma vya kukatia ni hatari zaidi ya maji. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa nje ya mwili siku saba au zaidi vikiwa bado na nguvu ya kuambukiza, kwenye tone la damu ambalo hulioni kwa macho. Ninyi mliozaliwa baada ya chanjo hiyo kuingizwa kliniki za watoto wachanga, miaka ya mwanzo ya 2000, mna kinga kama mlikamilisha dozi. Mimi na baba yako tulizaliwa kabla. Kufuta chuma kwa kitambaa si kukisafisha. Kioshwe kwa sabuni kwanza kisha kilowekwe kwenye dawa, na tupa ya karatasi iliyotumiwa na mtu mwingine haisafishiki kabisa. Afadhali ununue vyako: kikata kucha, tupa na jiwe. Havifiki bei ya kuoshwa miguu mara mbili, na utavitumia miaka. Vitie kwenye mfuko mdogo na umpe fundi. Mteja akiniletea vyake, mimi hushukuru.

Kuhusu jeli, uamuzi ni wako, lakini mimi kwa umri wako ningepaka rangi ya kawaida. Jeli hukauka chini ya taa na kukaa wiki nyingi ikimeremeta, hilo ni kweli. Shida huja wakati wa kuitoa. Wasichana huibandua kwa meno ya kikata kucha wakiwa wamekaa kitandani, na tabaka la juu la kucha hutoka nayo. Kucha ya dole gumba la mguu huchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kuota upya yote, kwa hivyo utaibeba ile ya kukwaruzika muda wote huo. Ukipaka, rudi ikatolewe kwa asetoni na pamba iliyofungwa kwa foili. Ukihisi kucha inaungua ndani ya taa, toa mguu mara moja, usivumilie kwa sababu ya aibu. Na kama kati yenu wasimamizi kuna anayeswali, msimlazimishe rangi, maana inazuia maji ya udhu yasifike kwenye kucha. Eastleigh kuna mafundi hodari wa hina, na hina inapendeza na gauni la rangi yoyote.

Usiende ukiwa na kidonda, kuumwa na mbu kulikokunwa kukavimba, au muwasho katikati ya vidole. Ukiona kucha imekuwa nene na ya manjano, huenda ni fangasi. Rangi itaificha tu, na fundi mwaminifu atakwambia uende kliniki kwanza. Wapo watakaokupaka juu yake bila neno, ili wasipoteze pesa yako.

Nimesikia nyanya yako naye anataka miguu ipendeze siku ya harusi. Mwambie asiende saluni yoyote, nitamtengeneza mwenyewe. Unajua ana kisukari, na kisukari cha miaka mingi huweza kufisha hisia za nyayo. Anaweza kutiwa maji ya kuchemka asiseme lolote, na akikatwa hatajua mpaka kidonda kiwe kimeoza. Yeye hatalowekwa. Nitamfuta kwa kitambaa cha uvuguvugu nilichokijaribu kwa kiwiko changu, nimkaushe katikati ya vidole, nimpake mafuta juu na kwenye kisigino, na kucha nitazipunguza kwa tupa tu. Na mkague nyayo kila jioni, wewe ukiwa nyumbani. Ukiona malengelenge au doa jeusi, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa malipo, beba 1,000 ya saluni na mia mbili pembeni. Saluni utalipa kwa M-Pesa, na namba ya till ni ya mwenye duka. Ukitaka kumshukuru fundi, mpe hamsini au mia mkononi mwake, kwa sababu ukiipitisha kwenye till huenda isimfikie.

Nendeni Alhamisi kabla ya harusi, msingoje Ijumaa ya foleni. Vaa malapa ya wazi hata kama kuna baridi, maana rangi ya kawaida ikiguswa huonekana imekauka ilhali chini bado ni laini kwa saa moja na zaidi, na kiatu cha kufunika kitaiharibu kabla hujashuka ngazi. Mkimaliza, panda matatu ya Kangundo Road uje kwangu, unipigie ukiwa karibu na steji nije nikupokee. Chakula kitakuwa tayari, na nyanya yako mtangulize asubuhi ili nisimharakishe.

Nisalimie wote nyumbani.

Akupendaye,
Shangazi yako