Meka yangu na meka ya jirani

Leo ninataka kuzungumza nanyi juu ya neno ambalo wengi tunalificha: kushindana. Tunashindana sokoni, tunashindana hata ndani ya nyumba, lakini tunaliita kwa jina lingine. Tunasema ni bidii, tunasema ni kupenda watoto. Sitatoa mfano wa watu wengine. Nitasema juu yangu mwenyewe.

Mwaka 1993 nilikuwa bibi wa mfanyakazi wa shaba. Tulikaa kambini hapa Likasi na watoto watano. Wazazi wetu walizoea kusema: kampuni njo baba, njo mama. Nyumba, posho, masomo, dawa, vyote vilitoka kazini. Lakini wakati ule kazi ya shaba ilikuwa imeanguka. Mgodi wa Kamoto, kule Kolwezi, ulibomoka mwaka 1990, na shaba iliyotoka ilipungua mwaka kwa mwaka. Mshahara ulichelewa, na siku ulipofika haukununua gunia moja la unga. Nikaanza kuuza unga wa mahindi sokoni.

Ninyi vijana hamkuona siku zile. Oktoba 1993 ilikuja zaire mpya, moja kwa zaire za zamani milioni tatu, nayo pia ikaanza kuanguka. Bei ya asubuhi haikuwa bei ya jioni. Kitu kimoja tu hakikubadilika: meka, kile kibati tunachopimia unga. Mama akitoka nyumbani hakujua atalipa pesa ngapi, lakini alijua meka moja italisha watoto wangapi. Mshike neno hili, sababu nitalirudilia.

Mwaka 1994 jirani yangu, mama wa mapasa, akaja kukaa karibu yangu sokoni na magunia mawili. Tulisali pamoja, tulichota maji kwenye robine moja. Tena mimi mwenyewe ndiye niliyemwonyesha mahali pa kununua! Alikuwa na uso wa kicheko. Aliuliza habari za watoto wa wateja kwa majina yao. Na juu ya kila meka aliongeza mkono mmoja wa unga, bure. Mwezi haukuisha, nusu ya wateja wangu walikuwa wamesimama mbele yake.

Nilikasirika sana. Nilimsalimia kwa midomo tu. Na usiku mmoja, wote walipolala, nilichukua meka yangu, nikaigeuza, nikaipiga kitako kwa jiwe mpaka kikaingia ndani kidogo. Kwa macho huoni kitu. Kesho yake nikashusha bei kuliko yake. Watu wakarudi. Nikajisifu moyoni: yeye anajua kucheka, mimi ninajua hesabu.

Ikawa hivyo kwa majuma mawili. Kisha mama mzee mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, alisimama mbele ya meza yangu akasema kwa sauti, watu wote wakisikia: "Mutoto yangu, unga yako iko muzuri, bei yako iko muzuri. Lakini meka yako inakonda. Iko mugonjwa?" Soko lote lilicheka. Nilicheka nami, lakini jasho lilinitoka. Jioni nilirudi nyumbani na gunia karibu zima.

Aibu ile sikuitupa njiani, niliileta nyumbani. Bwana yangu alikuwa amekaa mezani akingoja bukari. Nikamwambia: "Bwana ya mama mapasa anaenda Kasumbalesa, analeta unga ya Zambia. Weye unakaa tu kungojea mushahara." Mtu huyu alikuwa amefanya kazi ya mashini miaka 19, bila kuiba hata msumari. Alisukuma sahani. Baadaye sana, taa ikiwa imezimwa, alisema neno moja tu: "Mbele ya batoto, mama?"

Sikuacha. Kila jioni nilihesabu pesa zangu juu ya meza, polepole, ili aone nani analisha nyumba. Nilisema ni hesabu ya kazi. Uongo. Nilikuwa ninashindana na mtu ninayekula naye sahani moja, na kila mara niliposhinda, yeye alitoka nje kukaa peke yake.

Halafu binti yetu alileta matokeo ya masomo: 72 kwa mia. Alikuwa na furaha. Kaka yake, mtoto wa miaka 12, akamjibu mbele yangu: "Mutoto ya mama mapasa amepata 80. Weye unakaa tu." Wandugu, yale yalikuwa maneno yangu. Aliyatoa kinywani mwangu, akampiga nayo dada yake.

Juma lile lile, asubuhi mapema, mama wa mapasa alifika mlangoni kwetu. Mmoja wa mapasa alikuwa na malaria kali, anapelekwa hospitali. "Dada," aliniambia, "nitaachia nani biashara? Uniuzie." Aliniachia magunia mawili na meka yake, akaenda mbio. Hakungoja hata jibu.

Nilikaa nayo sokoni. Nitasema ukweli: mawazo mabaya yalikuja. Ningeweza kuwaambia wateja wake kwamba ameacha kazi. Ningeweza kumrudishia pesa pungufu, nani angejua? Lakini kabla ya watu kufika, nilijaza meka yake unga, nikaumimina katika meka yangu. Yangu ilijaa, na unga ukabaki. Mikono miwili mizima. Mikono miwili kwa kila meka, kwa kila mama aliyeniamini, wakati ambapo pesa ilikuwa imekufa na watu waliamini kibati tu. Sikuwa nimemshinda jirani yangu. Nilikuwa nimekula chakula cha watoto wa watu.

Siku tatu niliuza unga wake na unga wangu kwa meka yake. Jioni ya kwanza nilimwambia bwana yangu yote, na nikamwomba musamaha kwa maneno ya mezani pia. Hakunihubiria. Alichukua nyundo na kipande cha mti, akanyoosha kitako cha meka, akapima na meka ya jirani mara tatu mpaka zikawa sawa. Kisha akasema: "Kibati nimetengeneza. Ile ya moyo, tutatengeneza shi wawili." Tangu siku ile tulihesabu pesa pamoja, mlango umefungwa, na ya kwake kidogo na ya kwangu vikawekwa katika mkebe mmoja.

Mtoto alipona. Nilipomrudishia jirani pesa zake nilimwambia habari ya meka. Alinyamaza, kisha akasema alikwisha kujua. Wateja walimwambia. "Nilijua tena kwamba una aibu," alisema. Hapo ndipo tulipoanza kusema kweli, na tukagundua jambo: mchuuzi mkubwa aliyetuuzia magunia alikuwa akimwambia kila mmoja wetu, "Mwenzako amekubali bei hii, weye unakataa?" Sisi tulipigana, yeye akapata faida. Juma lililofuata tulienda wawili, tukanunua pamoja, na bei ikashuka. Baadaye mimi niliacha unga nikauza maharagwe na ndagala, sababu anayenunua unga lazima atafute mboga. Alinitumia wateja, nami nilimtumia.

Sitadanganya kwamba yote yalinyooka. Wateja wengine hawakurudi kwangu kamwe. Na siku ambazo meza yake iliisha mbele ya yangu, bado moyo uliniuma kidogo.

Nimejifunza nini? Kwanza, mshindani haina adui. Ule mkono mmoja wa unga na kile kicheko vingenifundisha kazi, kama ningetazama kwa kujifunza. Pili, kabla ya kupigana, uliza nani anapata faida katika vita yenu. Tena usifuate tu alichofanya mwingine. Mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi wa shaba zaidi ya elfu kumi walipoacha kazi na kupokea pesa zao, katika njia yetu moja mtu mmoja alinunua mashini ya kusaga, na wengine wawili wakamfuata. Mashini tatu, mahindi ni yale yale. Mwaka haukuisha, mbili zilinyamaza. Tatu, katika ndoa hakuna anayeshinda. Mmoja akianguka, nyumba ndiyo imeanguka. Abrahamu na Loti, wachungaji wao walipogombana, mkubwa ndiye aliyemwachia mdogo achague kwanza, na hakupungukiwa.

Leo binti yangu anakaa Kolwezi. Anauza initi za simu na kutuma pesa za watu chini ya mwavuli, na kwenye kona ile ile kuna miavuli mingine minne. Mwezi uliopita alinipigia simu akilia: "Mama, banakamata bateja yangu yote!" Nilimwacha alie. Kisha nikamwuliza: "Na meka yako, iko namna gani?"

Alinyamaza kidogo. Halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba kuna watu anawakata zaidi, wale wasiojua kusoma ujumbe wa simu. Nikamwambia aanzie pale. Ya miavuli mingine tutazungumza baadaye.

Ninyi nanyi, wandugu, mzungumze neno hili nyumbani, baba, mama na watoto. Kila mmoja aseme meka yake iko wapi.