Kuvuka Feri na Risiti za Nyumba

Tulivuka feri ya Likoni asubuhi mapema, mimi na mama mdogo, yeye amekumbatia kopo la Kimbo lililojaa risiti. Sikuwa nimewahi kukanyaga ofisi ya wakili. Talaka alikuwa ameshapewa. Kilichotuvusha ni nyumba ya vyumba sita ambayo mtalaka wake alikuwa ameanza kuitafutia mnunuzi.

Mgeni wa Mombasa angeuliza hati ina jina la nani. Hati haipo. Ile ni nyumba bila ardhi: kuta na mabati ni yenu, ardhi ni ya mwenye shamba, naye hulipwa kodi yake. Likoni, Kisauni na Changamwe zimejaa nyumba za namna hii. Wenzetu wa shamba la Waitiki, ekari 930, walianza kupewa hatimiliki mwaka 2016. Upande wetu bado.

Wakili alimwaga risiti mezani, akazipanga mwaka kwa mwaka. Saruji, boriti, mabati, misumari. Zile za kodi ya ardhi zote zilikuwa na jina la mume, ingawa pesa zilitoka kwenye mahamri na mbaazi za mama mdogo. Nikakata tamaa. Wakili akasema jina peke yake halimalizi shauri: Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inahesabu pia kazi za nyumbani, ulezi wa watoto na kusimamia biashara ya familia kuwa mchango.

Ila kuna jambo wengi wetu hatulijui. Kifungu cha 45 cha Katiba kinawapa mume na mke haki sawa ndoa inapovunjika, lakini Januari 2023, katika kesi ya Ogentoto, Mahakama ya Juu iliamua kwamba usawa huo si lazima uwe nusu kwa nusu. Kila mmoja athibitishe alichochangia. Kwangu mimi mzigo huo ni mzito mno kwa wanawake wa kwetu. Nani aliwahi kuandikiwa risiti ya kuamka saa kumi alfajiri kukanda unga?

Kwa kuwa mama mdogo na mtalaka wake ni Waislamu, Sheria ya Mali ya Ndoa inawaruhusu kufuata sheria ya Kiislamu, na mama mdogo alitaka kwenda kwa kadhi. Huko mali ya mke hubaki yake, ndoa haimpi mume. Lakini na kwa kadhi ataulizwa: chako ni kipi, na shahidi wako nani?

Wakili akaandika barua kwa mwenye shamba, kumwomba asibadilishe jina kwenye kitabu chake mpaka shauri lisikizwe. Akataka rekodi za M-Pesa, na mtu aliyeona pesa ya ujenzi ikitoka mkononi mwa nani. Mama mdogo akamtaja fundi aliyejenga, ambaye sasa ni mzee na anaishi Mtongwe. Tuliposhuka feri hatukupitia nyumbani. Tulipanda matatu moja kwa moja kwenda kumtafuta.