Habasoda kabatini, ukweli mbele ya tabibu

Ni nadra kuingia katika nyumba zetu, iwe Kibaha au Kisarawe, ukakosa chupa ya habasoda. Tumelelewa nayo. Tumbo lilipojaa gesi tulichemshiwa tangawizi. Choo kilipokuwa kigumu tulipewa maji ya ukwaju. Na mtoto aliyedhoofu alitiliwa unga wa majani ya mlonge katika uji. Mambo haya hatuyadharau.

Hata hivyo, yaliyomfika shangazi yetu wa Kisarawe yametufunza. Kwa miezi minane aliumwa chembe cha moyo, na muda wote huo alikunywa unga wa mitishamba aliouziwa gulioni kuwa ni tiba ya vidonda vya tumbo. Papo hapo alimeza vidonge vya maumivu ya magoti kila usiku. Zahanati hakusema lolote, kwa kuona haya. Choo kilipogeuka cheusi kama lami, tulimkimbiza hospitali mjini Kibaha, akaongezewa damu. Alhamdulillahi, yu hai.

Mwaka 2005 madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kugundua bakteria aitwaye Helicobacter pylori na mchango wake katika vidonda vya tumbo. Bakteria huyo hupimwa kwa choo au pumzi, na hutibiwa kwa antibayotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi, aghalabu kwa siku 14. Chanzo kingine kikubwa ni dawa za maumivu, kama vile diklofenaki na aspirini. Tangawizi hutuliza kichefuchefu, na ukwaju hulainisha choo. Lakini haviwezi kushika nafasi ya tiba hiyo.

Je, kusema hivi ni kuipa mgongo Sunna? Hasha! Mtume (S.A.W.) aliyeisifu habasoda ndiye aliyetuamrisha kujitibu, na hakuna kujitibu pasipo kuyajua maradhi.

Basi, ndugu zetu, mgonjwa na amtajie tabibu kila anachokunywa, hata kama ni majani ya uani. Muuza dawa aulizwe iwapo amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Anayetapika damu au kupata choo cheusi asingoje kesho. Na mwenye vidonda amwone daktari kabla ya Ramadhani, kwani Qur'ani imemruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyingine. Mwili ni amana, nasi tutaulizwa juu yake.