Je, Saratani ya Umio Imo Katika Damu ya Ukoo?





Napenda mwezi huu kuzungumza nanyi juu ya maradhi ambayo katika majumba yetu mengi hayatajwi kwa jina lake. Husemwa kwa sauti ya chini kwamba fulani "ana maradhi yale", kisha mazungumzo yakageuzwa. Maradhi yenyewe ni saratani ya umio, yaani ya ile njia ipitishayo chakula kutoka kooni hadi tumboni. Kimya hicho kina hasara zake, na moja imetufika sisi wenyewe.

Shangazi yangu, aliyeishi nasi hapa Uingereza kwa zaidi ya miaka ishirini, alianza kuona dalili katika mwezi wa Ramadhani. Wakati wa kufuturu tende ilimpita kwa shida, kisha mkate, kisha hata wali. Akabaki na uji na supu, akisema kuwa ni uzee tu. Binti yake hakuridhika na jibu hilo, akampeleka kwa daktari. Hapa mtu mwenye shida ya kumeza hupelekwa haraka kupimwa kwa kamera, awe kijana au mzee. Aliingizwa mpira mwembamba wenye kamera, kikachukuliwa kipande kidogo cha nyama kwenda maabara, na ikathibitika kuwa ni saratani. Alitibiwa, akapata nafuu ya miezi kadhaa, kisha akatutangulia mbele ya haki. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Baada ya msiba, mjukuu wake aliposwa. Mambo yalipokaribia kukamilika, wazee wa upande wa pili walimtuma mtu kuuliza, kwa adabu kabisa: je, maradhi yaliyomwondoa bibi yamo katika damu ya ukoo? Sikuliona swali hilo kuwa ni tusi. Mtu anayo haki ya kuuliza juu ya afya ya wajukuu wake watakaozaliwa. Lakini swali la haki hutaka jibu la haki, na nyumbani kwetu hapakuwa na aliyekuwa nalo. Nilimwendea daktari aliyemtibu shangazi, nikasoma na vitabu, na haya ndiyo niliyoyafahamu.

Kila seli ya mwili ina maagizo ya kuiongoza, nayo huitwa jeni. Saratani huanza pale baadhi ya maagizo hayo yanapoharibika, seli ikaacha kutii na kuzaana bila mpaka. Kwa maana hiyo kila saratani ni maradhi ya jeni. Lakini hapo ndipo wengi wetu tunapochanganya mambo mawili, kwani maradhi ya jeni si lazima yawe maradhi ya kurithi. Uharibifu unaotokea katika utando wa ndani wa umio wa mtu mzima hubaki humo humo. Haumo katika mbegu ya uzazi, wala haumfikii mtoto. Iko jeni iitwayo TP53, ambayo kazi yake ni kuizuia seli iliyoharibika isizaane. Jeni hiyo hukutwa imeharibika katika saratani nyingi za umio, na kwa kawaida mgonjwa hakuzaliwa na uharibifu huo.

Si kwamba urithi hauna nafasi kabisa. Mwaka 1958 madaktari wa Liverpool walieleza habari za familia za mji huo ambazo watu wake huota ngozi nene katika viganja na nyayo tangu utotoni, kisha wengi wao hupata saratani ya umio ukubwani. Mwaka 2012 jeni yenyewe ilitambuliwa, nayo ni RHBDF2, iliyomo katika kromosomu ya 17. Katika familia kama hizo kila mtoto wa mwenye jeni hiyo ana nusu ya uwezekano wa kuirithi, na wanaoirithi huangaliwa kwa kamera mara kwa mara. Hali hiyo ni nadra sana. Kwa watu wengine, kuwa na mzazi au ndugu aliyeugua huweza kuongeza hatari kwa kiasi, lakini si hukumu.

Tena tukumbuke kwamba watu wa nyumba moja hawashirikiani damu tu. Hushirikiana pia birika la chai na kijaluba cha tambuu. Wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walieleza mwaka 2016 kwamba kunywa vinywaji vya moto sana, vinavyopita nyuzi joto 65, yumkini husababisha saratani ya umio. Tumbaku imethibitika, na tambuu yenye popoo imethibitika pia, iwe na tumbaku au bila tumbaku. Kwa hiyo ndugu wawili wanapougua maradhi haya, tusikimbilie kuilaumu damu kabla ya kutazama yaliyomo katika sinia.

Hayo ndiyo tuliyowajibu wakwe zetu. Tuliwaambia pia kwamba katika ukoo hakuna mwingine tunayemjua aliyeugua maradhi hayo, wala mwenye ngozi nene ya viganja. Walishukuru kuambiwa ukweli, na nikaha ikafungwa.

Limebaki jambo moja, nalo lamhusu mgonjwa mwenyewe. Elimu ya jeni siku hizi humsaidia daktari kuchagua dawa. Saratani ya umio ina aina mbili kubwa: ile ya seli bapa, ambayo ndiyo nyingi kwetu Afrika Mashariki, na adenokasinoma, ambayo ni nyingi hapa Uingereza na hufungamana na kiungulia cha miaka mingi. Katika adenokasinoma hupimwa HER2. Jeni hiyo ikiwa imezidi, mgonjwa ambaye saratani yake imeenea huweza kuongezewa dawa ya trastuzumab, ambayo utafiti wa mwaka 2010 ulionyesha faida yake katika saratani ya tumbo na ya maungio ya tumbo na umio. Katika aina ya seli bapa, kama ya shangazi, hupimwa protini ya PD-L1, ili ijulikane kama dawa za kuamsha kinga ya mwili zinaweza kufaa.

Jeni ya kurithi iliyokuwa na maana kubwa kwa shangazi haikuhusiana na kupata saratani. Huitwa DPYD, nayo huuwezesha mwili kuzivunja dawa za fluorourasili na kapesitabini. Wako watu wachache waliozaliwa na jeni hiyo ikiwa dhaifu, na kwao kipimo cha kawaida cha dawa huweza kugeuka sumu. Tangu mwaka 2020 wagonjwa hapa hupimwa damu kabla ya kuanza dawa hizo. Lakini kasoro nne zilizoanza kutafutwa ni zile zinazojulikana zaidi kwa watu wa asili ya Ulaya, na iko nyingine inayopatikana zaidi kwa watu wa asili ya Afrika. Majibu ya shangazi yalitoka safi, hata hivyo katika duru ya kwanza alitoka vidonda vya mdomo na kuharisha sana. Binti yake alipiga simu usiku ule ule, dawa ikasimamishwa, kisha ikarejeshwa kwa kiasi pungufu.

Basi, ndugu zangu, chakula kikianza kukwama usingoje mwezi upite. Daktari akiuliza juu ya wazee wako, mwambie nani aliugua nini na akiwa na umri gani, na umtajie asili yako. Ukipewa dawa, uliza kama DPYD imepimwa, na majibu yakiwa mazuri usinyamaze ukiona homa, vidonda au kuharisha. Mwisho, wazee wenye maradhi wayataje kwa watoto wao. Siri tunayoificha leo ndiyo itakayoulizwa kesho siku ya posa.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na awarehemu waliotutangulia.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam.